Negativu Iliyotupwa Kapuni

Fungua bahasha ya kaki ambayo mama yako au bibi yako anahifadhia vyeti. Humo ndani, katikati ya kadi ya kliniki na risiti za ada ya shule, utakuta picha ndogo ya pasipoti iliyobaki peke yake. Zilikuwa nne. Moja ilikwenda benki, moja shuleni, moja ilibandikwa kwenye fomu ambayo hakuna anayekumbuka ilikuwa ya nini, na hii ya nne ikabaki. Ikiwa karatasi yake ni nzito kidogo, ukingo wake mweupe umekatwa kwa mkasi bila kunyooka, na uso wake unang'aa kama uliopakwa mafuta, basi yawezekana picha hiyo haikupita kwenye chumba cha giza hata mara moja. Ilijitengeneza ndani ya studio, mwenye sura akiwa bado amekaa kwenye kiti, kwa muda wa dakika moja au moja na nusu.

Filamu iliyotoa picha za namna hiyo haitengenezwi tena. Kwanza ilikuwa ya Polaroid, kampuni ya Marekani. Mwezi Februari 2008 Polaroid ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza filamu za papo kwa papo, na viwanda vyake vya Massachusetts, Mexico na Enschede kule Uholanzi vitafungwa. Ikabaki Fujifilm ya Japani, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikitengeneza filamu inayoingia kwenye kamera zilezile. Fujifilm nayo ikaacha ile ya nyeusi na nyeupe, FP-3000B, na mwishoni mwa Februari 2016 ikatangaza kwamba ya rangi, FP-100C, imefika mwisho. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya aina yake kutengenezwa kiwandani kwa wingi.

Huko Ulaya, Marekani na Japani kwenyewe, tangazo lile lilipokelewa kama taarifa ya msiba. Wapiga picha walitia saini maombi ya kuisihi kampuni ibadili uamuzi. Florian Kaps, mtu wa Vienna aliyekuwa ameshiriki kukiokoa kiwanda cha Enschede mwaka 2008, alisafiri hadi Japani kuongea na wakubwa wa Fujifilm ili angalau mashine zisivunjwe. Haikusaidia. Wengine walikimbilia madukani, wakanunua pakiti kwa makatoni na kuziweka kwenye friji, kwa kuwa filamu ikikaa kwenye baridi huchelewa kuharibika. Pakiti ya picha 10 ikaanza kuuzwa kwa bei ambayo miaka michache kabla ingemfanya mteja acheke.

Nimesoma maombolezo mengi ya wapiga picha wale, na mengine yanagusa kwelikweli. Lakini karibu yote yanasimulia filamu ileile: ya msanii, ya mpiga picha wa mitindo anayepima mwanga kabla ya kupiga picha halisi, ya mpenzi wa vitu vya kale anayependa kingo zilizochafuka. Filamu ya yule mzee wa pasipoti saizi, aliyekaa kwenye kibanda cha futi nane kwa kumi karibu na stendi, haimo. Na yeye alitumia filamu hiyo kila siku ya kazi, mwaka baada ya mwaka, bila kuiita sanaa.

Kwa hiyo acha tumsimulie yeye.

Kwanza kamera yenyewe. Ilikuwa na lenzi nne zilizopangwa mbili juu, mbili chini, kama macho ya buibui. Polaroid iliiita MiniPortrait, na makampuni mengine yalitengeneza za kwao. Ukibonyeza mara moja, lenzi zote nne zinaona sura moja, na karatasi moja, yenye upana wa kama sentimita nane na nusu na urefu wa karibu sentimita kumi na moja, inapata sura nne zinazofanana. Baadhi ya kamera hizo ziliweza kufungua lenzi mbili kwanza na mbili baadaye, hivyo ndugu wawili waliweza kuchangia karatasi moja na kugawana gharama.

Baada ya kubonyeza, mpiga picha huvuta kikaratasi cheupe, kisha anavuta ulimi wa pili ulio mrefu zaidi. Karatasi mbili zilizogandana, ya negativu na ya picha, hutoka zikipita katikati ya vyuma viwili vya mviringo. Vyuma hivyo hupasua kifuko kidogo cha dawa na kuitandaza dawa katikati ya karatasi hizo mbili, sawasawa, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Hapo ndipo kazi yote ya chumba cha giza inapofanyika. Rangi zinahama kutoka kwenye negativu na kwenda kwenye karatasi ya pili. Mpiga picha anaangalia saa. Muda ukitimia anabandua, picha inabaki mkononi, na ile negativu nyeusi yenye utelezi na harufu kali ya dawa inakwenda kapuni.

Muda huo ulitegemea hali ya hewa. Kwenye nyuzi 25 FP-100C ilihitaji kama dakika moja na nusu. Penye joto zaidi, pungufu ya hapo. Arusha iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai, wingu la Meru likiwa limeshuka hadi kwenye mapaa, dawa inafanya kazi kwa uvivu. Ukibandua mapema, picha inatoka na ubluu, mteja anaonekana kama mtu aliyetoka mtoni. Polaroid ilikuwa na dawa ya tatizo hilo: vibao viwili vya chuma vilivyoungana kama jalada la kitabu, ambavyo mpiga picha alivipasha joto mwilini, kisha akaiweka picha katikati yake na kuibana kwapani hadi iive. Kuna picha nyingi za vitambulisho duniani zilizoiva kwapani mwa mtu.

Asili ya teknolojia hii inajulikana na imesimuliwa mara nyingi. Edwin Land, mwanasayansi na mfanyabiashara, alikuwa likizoni Santa Fe mwaka 1943 na bintiye mdogo akamuuliza kwa nini hawezi kuiona picha sasa hivi. Mwezi Novemba 1948 kamera ya kwanza ikauzwa kwenye duka moja la Boston. Mwaka 1963 ikaja filamu ya pakiti, ile ya kubandua, ambayo ndiyo tunayoizungumzia. Mwaka 1972 ikaja SX-70, kamera inayotema picha ikiwa nzima, bila kubandua chochote, na hiyo ndiyo watu wengi wanayoiona akilini wanaposikia neno Polaroid. Hadithi ya binti aliyeuliza swali ni nzuri. Nina shaka tu kwamba inaficha jambo moja: aliyeihitaji sana picha ya sasa hivi, kwa muda mrefu kuliko mtalii au mtoto, alikuwa karani.

Afrika ya Mashariki ilikuwa inatambulishwa kwa karatasi zamani kabla ya picha. Kenya, chini ya sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande chenye alama za vidole, ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Kipande hakikuwa na picha. Kidole kilitosha, na kidole ni cha mkoloni kusoma. Mwenyewe hawezi kujitambua kwenye alama za kidole chake. Picha ilipoingia kwenye vitambulisho, angalau mwenye kitambulisho aliweza kuiangalia na kusema huyu ni mimi, au huyu si mimi.

Lakini picha hiyo nayo ina historia yake chafu, na mtu akiitaja filamu hii kwa mapenzi bila kuitaja Afrika Kusini, ameruka ukurasa. Polaroid ilikuwa na mtambo ulioitwa ID-2, uliopiga picha ya kitambulisho kwa haraka. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo kule Cambridge, Massachusetts, Caroline Hunter aliyekuwa mkemia na Ken Williams aliyekuwa mpiga picha, waligundua kwamba mitambo na filamu za mwajiri wao zinatumika kutengeneza zile pasi ambazo mtu mweusi wa Afrika Kusini alilazimika kutembea nazo. Wakaandika kipeperushi kilichosema Polaroid inawafunga watu weusi kwa sekunde 60, wakaunda kikundi cha wafanyakazi, wakaitisha mgomo wa wanunuzi. Hunter alifukuzwa kazi. Kampuni ikaahidi kwamba haitauzia serikali ya makaburu, kisha mwaka 1977 ikafichuka kwamba wakala wake wa Johannesburg alikuwa akiendelea kuuza kwa siri. Polaroid ikajitoa Afrika Kusini mwaka huohuo. Mtambo wa ID-2 ulikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya taa, na wasanii Adam Broomberg na Oliver Chanarin walitengeneza kazi nzima juu ya kitufe hicho, wakieleza kwamba mwanga ulioongezwa ulifaa kupiga ngozi nyeusi. Kwa maneno mengine, filamu iliyopangwa kwa ngozi nyeupe ilihitaji msukumo ili itutambue, na msukumo ule ulitumika kutufunga.

Huku kwetu, filamu hii ilikuwa na kazi ya upole zaidi, ingawa nayo ilikuwa ya fomu na mihuri.

Fikiria biashara ya picha ilivyokuwa kabla ya simu. Mpiga picha wa mtaani anakuja kwenye kipaimara, au mahafali, au harusi. Anapiga. Anachukua kianzio. Mkanda wenye picha 36 haujajaa, kwa hiyo anasubiri ujae kwenye shughuli nyingine, wiki ijayo au mwezi ujao. Kisha anapeleka mjini kusafisha. Ndiyo, kusafisha: Kiswahili chetu kiliamua kwamba picha hutoka kwenye uchafu, na sijapata neno la lugha nyingine linalonipendeza zaidi ya hilo. Halafu unaambiwa mkanda umeungua. Au mpiga picha amehama. Kila familia ina picha iliyolipiwa ambayo haikuja kamwe, na siku ya mahafali hairudiwi.

Mteja wa picha ya pasipoti hakuweza kuvumilia hayo. Yeye ametoka Terrat, au Oldonyosambu, au Ngaramtoni, amefika mjini asubuhi kwa Hiace akiwa na fomu mkononi, na dirisha la ofisi linafungwa saa tisa na nusu. Anahitaji picha nne sasa. Filamu ya kubandua ilimfaa kwa sababu ilimaliza suala la kuaminiana. Hakuna kianzio wala njoo kesho. Unakaa, unanyoosha shingo, unaambiwa usicheke, unaona karatasi ikitoka, unasubiri, unaona sura yako ikibanduliwa. Unalipa ukiwa umeishika.

Na haikuhitaji umeme. Hili wapenzi wa filamu wa Ulaya hawalitaji kwa sababu hawana sababu ya kulifikiria. Kamera ilitumia betri ndogo, na nyingine hazikuhitaji chochote zaidi ya mwanga wa mlangoni. Mwaka 2006, mabwawa yalipokauka na nchi ikaingia kwenye mgawo mkali wa umeme, kompyuta na mashine za kuchapia zilikaa kimya mchana kutwa. Kamera ya lenzi nne haikujua habari hizo. Mwenye kitambaa cha bluu kilichotundikwa ukutani na pakiti mbili za filamu alikuwa kazini.

Ubaya wake ulikuwa bei. Kila karatasi iliyovutwa ilikuwa fedha za kigeni, iwe imetoka vizuri au mteja amefumba macho. Mfano bora ninaoujua wa jinsi watu wa kanda yetu walivyoizunguka bei hiyo ni wa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Mpiga picha Mwitaliano Martina Bacigalupo aliingia kwenye studio kongwe ya mji huo, Gulu Real Art Studio, akakuta picha ya mtu aliyekaa vizuri, koti limenyooka, mikono mapajani, na mahali pa uso pana tundu la pembenne. Alipouliza akaelezwa. Mashine ya picha za vitambulisho ilitoa nne kwa mpigo, na wateja wengi hawakuhitaji nne wala hawakuwa na fedha za nne. Rahisi zaidi ilikuwa kupiga picha ya kawaida ya mwili, kuchapa, kisha kukata uso peke yake na kumpa mteja. Mwili uliobaki ulikuwa taka. Bacigalupo alikusanya taka hizo, na kitabu chake kilipotoka mwaka 2013 dunia ikaona kitu cha ajabu: watu wa Gulu waliotoka kwenye vita ya miaka ishirini, wakiwa wamevaa koti lilelile moja la kuazima la studio, bila vichwa.

Wahakiki wengi waliona kwenye vichwa vilivyokosekana kivuli cha vita. Sitabishana nao. Lakini mimi nikitazama picha zile naona kwanza hesabu ya mfanyabiashara mdogo anayejua kwamba karatasi nne ni nyingi mno kwa mtu anayeomba mkopo mdogo. Tundu lile la pembenne ni bei ya filamu, imekatwa kwa umbo lake halisi.

Tanzania, kipindi ambacho filamu hii iligusa watu wengi kuliko wakati wowote kilikuwa kati ya 2004 na 2005. Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilikuwa inaanzisha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Kabla ya hapo kila uchaguzi ulikuwa na uandikishaji wake. Sasa mpiga kura angeandikishwa mara moja na kupewa kadi yenye picha. Makarani walijaza fomu maalumu za kusomwa na mashine, picha zikapigwa kwa kamera za Polaroid, kadi ikafunikwa kwa plastiki, na mtu akaondoka nayo. Watu wakaipa jina kichinjio, kwa maana kwamba siku ikifika ndiyo ya kumchinjia mgombea usiyemtaka. Uchaguzi wa Oktoba 2005 ukasogezwa hadi tarehe 14 Desemba kwa sababu ya kifo cha mgombea mwenza wa urais, na siku hiyo mamilioni ya nyuso zilizopigwa kwa filamu ya papo kwa papo zilishikwa mkononi kwenye foleni.

Kwa watu wengi wa vijijini, hasa wazee, na wanawake ambao hawakuwahi kuwa na akaunti ya benki wala cheti cha shule, kadi ile ilikuwa kitambulisho cha kwanza chenye sura yao. Vitambulisho vya taifa havikuwapo bado. Mtu aliitumia kukopa, kusajili laini ya simu, kudhamini ndugu mahakamani. Nimeona kadi hizo zimewekwa nyumbani kwenye fremu, kwa sababu marehemu hakuacha picha nyingine. Wakamkuza hivyohivyo, kutoka sentimita tatu hadi ukubwa wa gazeti, sura ikawa ukungu, na ukungu huo ndio uliowekwa juu ya jeneza.

Sasa turudi kwenye tangazo la 2008. Kadi za 2005 zilitumika tena kwenye uchaguzi wa 2010, lakini kampuni iliyotengeneza filamu ilikuwa imeshatangaza kuacha, na mwezi Desemba 2008 ikaomba ulinzi wa mufilisi kwa mara ya pili ndani ya miaka saba. Kwa tume ya uchaguzi, kiwanda cha Enschede kufungwa halikuwa suala la kumbukumbu tamu. Daftari la kudumu lilikuwa limejengwa juu ya bidhaa isiyo ya kudumu. Mwaka 2015 Tanzania ilianza upya kwa mfumo wa BVR: kompyuta, kamera ya kidijitali, kisoma vidole. Kazi ilianzia Makambako mwezi Februari, mashine hazikutosha, ikasuasua, na kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa kwa sababu uandikishaji haujakamilika. Haijafanyika hadi leo. Sisemi kwamba mwisho wa filamu ndio uliozuia katiba mpya. Sababu zilikuwa nyingi, na za siasa zaidi ya za mashine. Ila ukifuata uzi mmoja wa kadi ya mpiga kura kuanzia Polaroid hadi BVR, utajikuta umefika hapo.

Studio nazo zilikwishaanza kuhama. Kufikia 2008 kamera ndogo ya kidijitali na mashine ya kuchapia vilikuwa vimeshafika mjini Arusha, na hesabu haikuwa na ubishi: mteja akifumba macho, unapiga tena bure. Unaweza kung'arisha uso, kubadili rangi ya ukuta, hata kumvisha mtu koti na tai ambavyo hakuja navyo. Lile koti la kuazima la Gulu sasa lipo ndani ya kompyuta. Waliobaki na lenzi nne ni wale wa pembezoni, ambako umeme ulikuwa bado au unakatika, na kwao filamu ya Fuji ilikuwa mwokozi hadi ilipoanza kuadimika. Kwa hiyo habari za 2016 zilipotoka, waliopaswa kulia walikuwa wachache, na walishazoea. Fundi anayeishi kwa bidhaa za kuagiza hujua bidhaa imekufa pale muuzaji wa jumla anapomwambia haijaingia mwezi huu, kisha mwezi ujao tena haijaingia. Hakuna tangazo. Wala hakuna wa kumpelekea maombi yenye saini.

Hapa naona tofauti ya kweli kati ya misiba miwili hii. Msanii wa Berlin alipoteza filamu, akabaki na kazi. Alihamia kwenye kitu kingine, au akalipa zaidi. Kampuni iliyookoa kiwanda cha Enschede, Impossible, ilifanikiwa kufufua filamu za aina ya SX-70 na leo inajiita Polaroid. Kaps naye, kwa jina la Supersense, alitengeneza kwa mkono filamu ya kubandua, karatasi mojamoja, kwa bei ya kitu cha anasa. Msanii ana pa kwenda. Mwenye kibanda alipoteza faida aliyokuwa nayo juu ya kila mtu mwingine mwenye kamera. Picha ya papo hapo ilikuwa ndiyo biashara yake. Siku ambayo kila simu ilianza kutoa picha ya papo hapo, kilichobaki kuuzwa ni karatasi tu, na karatasi inauzwa na kila mwenye stationery. Ndiyo maana leo unapiga pasipoti palepale unapotoa kopi ya cheti, na anayekupiga hajiiti mpiga picha.

Kuna hasara nyingine ambayo ilichelewa kuonekana. Studio za zamani ziliacha negativu. Kule Zanzibar, Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, ilihifadhi zake, na kupitia hizo tunajua watu wa Unguja walivaaje, walikaaje, walijivunia nini, kabla na baada ya Mapinduzi. Lamu, studio ya Bakor ilimfanya mtafiti Heike Behrend aandike kurasa nyingi. Negativu ndiyo kumbukumbu ya mji. Mtu akifa, nyumba ikiungua, bado studio inaweza kumchapa upya.

Filamu ya kubandua haikuacha kitu kama hicho. Picha zote nne ziliondoka na mteja. Mpiga picha aliyefanya kazi miaka kumi na mitano kwa kamera ya lenzi nne, akawapiga watu wengi kuliko mtu mwingine yeyote wa mtaa wake, hana hata uso mmoja wa kuonyesha, labda zile zilizoharibika. Kwa upande fulani hili lilikuwa jambo zuri. Mtalii anayepiga picha ya mama wa Kimaasai barabarani anaondoka nayo, na mama habaki na kitu. Kwenye kibanda cha pasipoti mambo yaligeuka: aliyepigwa aliondoka na kila kitu, na aliyepiga alibaki na taka.

Tena taka yenyewe haikuwa tupu. Miaka ile ambayo FP-100C ilikuwa inakaribia mwisho, wapiga picha wa ng'ambo walikuwa wakitumia dawa ya kawaida ya kufulia nguo nyeupe kuondoa ule weusi wa nyuma wa negativu. Chini yake kuna picha kamili, inayopitisha mwanga, inayoweza kuchapwa tena. Wakaanza kuzikaushia kwenye kamba za nguo na kuzihifadhi. Maana yake ni kwamba kila mara mpiga picha wa huku alipobandua karatasi yenye FP-100C na kutupa ile nyeusi, alikuwa anatupa sura nne za mteja zikiwa salama chini ya rangi nyeusi. Taka za jiji la Arusha huishia kwenye dampo la Muriet, jirani na Terrat, ambako vijana huchagua chupa na vyuma kwa kilo. Vikaratasi vyeusi vyenye utelezi havina mnunuzi.

Kilichobaki kwa wingi, basi, ni kile kilichobandikwa kwenye fomu: maombi ya kazi, ya leseni, ya mkopo, fomu za kidato cha kwanza, mafaili ya watumishi waliostaafu. Yako kwenye makabati ya chuma ya ofisi za halmashauri, shule na vyama vya ushirika. Tangu 2002 tuna sheria ya kumbukumbu na nyaraka inayoweka utaratibu wa kutunza na kuteketeza mafaili. Makarani wengi walibana picha kwa stepla kwenye kona ya juu kulia ya ukurasa wa kwanza. Pini ile hupata kutu, na kwa kuwa picha ni ndogo, kutu huanzia kwenye paji la uso na kushuka.